Hatua Moja Kabla ya Nyumbani: Kisa cha Usiku Toronto Ilipokosa Ubingwa

Usiku wa Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2025, mtu mmoja alisimama kwenye kituo cha tatu katika uwanja wa Rogers Centre, Toronto, akiwa na mita 27 na ushei tu kati yake na ubingwa wa besiboli. Anaitwa Isiah Kiner-Falefa. Hakuwa nyota wa timu. Aliingizwa muda mfupi nyuma akimbie badala ya mwenzake mwenye goti bovu. Mpira ulipopigwa alitoka mbio kwa nguvu zake zote, akajiburuza kwa miguu hadi kituoni, na mwamuzi akaonyesha ametoka. Alichelewa kwa kipande cha ardhi ambacho ungeweza kukifunika kwa viganja viwili.

Tangu usiku ule jina lake linatajwa mjini kama jina la mkosaji. Kwenye basi, kwa kinyozi, kazini, swali ni lile lile: mbona alisimama karibu na kituo hivyo? Mbona hakujivuta mbele hatua moja zaidi? Nami niliuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, sebuleni kwangu, watoto wakinisikia. Sasa nimetulia. Uwanja umefungwa, msimu wa mapumziko umeanza, na nikikipanga kisa hiki upya tangu mwanzo naona kwamba swali lenyewe ni zuri, ila limepelekwa kwenye mlango usio wake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, niseme machache. Aliyesoma shule ya msingi Kenya ameuona mchezo wa raunda, wasichana wakipiga mpira kwa gongo na kuzunguka vituo. Besiboli ni ndugu wa damu wa raunda. Kuna vituo vinne, na cha nne ndicho kile kile mpigaji alichoanzia, kwa hiyo huitwa nyumbani. Ukizunguka vyote ukarudi nyumbani, timu yako imepata pointi. Timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha inawapisha wengine. Zamu ya kila upande mara moja ndiyo inningi, na mechi ni inningi 9. Zikimalizika mko sare, mnaendelea hadi mmoja aanguke.

Kuna kanuni mbili za kushika. Ya kwanza: vituo vyote vitatu vikiwa na watu na mpira ukapigwa chini, kila mkimbiaji hana budi kukimbia, kwa sababu aliye nyuma yake anakuja kukalia kituo chake. Hapo mdakaji wa nyumbani hahitaji kumgusa mkimbiaji, anatosha kukanyaga kituo akiwa na mpira mkononi. Ya pili: kabla mpira haujapigwa, mkimbiaji anaruhusiwa kujivuta hatua kadhaa mbele ya kituo chake, lakini mpira ukidakwa hewani lazima arudi alikotoka, na mpira ukimtangulia kituoni, naye ametoka. Kisa chote kimekaa katikati ya kanuni hizi mbili.

Mimi nimezaliwa Mombasa na nimekulia kwenye soka. Nilipofika Toronto mwaka 2014 nilipata kazi ya usiku kwenye ghala, na msimamizi wetu alikuwa na redio ndogo aliyoiweka juu ya makabati. Kuanzia Aprili hadi Septemba redio ile haikutangaza kingine. Mwanzo nilisikia kelele tu. Kisha nikaanza kuzizoea sauti, kisha majina, kisha ule ukimya wa mtangazaji kabla mpira haujarushwa. Msimu wa kawaida una mechi 162, karibu kila siku mechi, na mtu aliye mbali na kwao anakihitaji kitu kinachomjia kila siku bila kukosa. Nadhani hapo ndipo niliponaswa. Soka hunipandisha damu mara moja kwa wiki. Besiboli ilinikalia kama mpangaji wa chumba cha pili.

Mwaka 2024 timu yetu, Blue Jays, ilishika mkia kwenye kundi lake, ikishinda 74 na kupoteza 88. Mwaka 2025 wachezaji wengi wakiwa wale wale ilishinda 94 na kuongoza kundi. Katika mchujo ikawatoa Yankees wa New York. Ikafungwa mechi mbili za kwanza nyumbani na Seattle Mariners, watu wakaanza kuzungumzia mwakani, kisha ikapanda hadi mechi ya saba, na George Springer akapiga homurani, yaani mpira uliovuka ukuta, ikaingiza watu watatu na kuigeuza mechi. Ndiyo ikawa fainali yetu ya kwanza tangu 1993. Mtu aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto shuleni.

Fainali ilikuwa dhidi ya Los Angeles Dodgers, mabingwa watetezi, miongoni mwa vikosi ghali kabisa katika mchezo huu. Anayeshinda mechi nne kati ya saba ndiye bingwa. Tulishinda ya kwanza 11 kwa 4, Addison Barger akitoka benchi na kupiga homurani ya pointi nne, jambo ambalo hakuna mpigaji wa kutoka benchi aliyewahi kulifanya katika historia ya fainali. Tukafungwa ya pili 5 kwa 1. Ya tatu ilikwenda inningi 18, saa sita na dakika 39, huku Toronto saa tisa za usiku zikikaribia Freddie Freeman wa Dodgers alipotumaliza, 6 kwa 5. Tukashinda ya nne 6 kwa 2, na ya tano 6 kwa 1 kwa mkono wa mrushaji wetu Trey Yesavage, kijana wa miaka 22 aliyeuanza mwaka kwenye ligi za chini kabisa, akawatoa wapigaji 12 kwa kuwakosesha mpira, bila kumpa hata mmoja kituo cha bure kwa mirusho mibaya. Tukarudi nyumbani tukiongoza 3 kwa 2. Tulihitaji moja tu.

Ijumaa, mechi ya sita. Wanaohukumu usiku wa Jumamosi wameusahau usiku huu, na bila usiku huu hakuna kinachoeleweka.

Tulikuwa nyuma 3 kwa 1, inningi ya tisa, hatujatolewa mtu. Alejandro Kirk aligongwa na mpira, akapewa kituo. Barger akapiga mpira mrefu hadi ukutani, na mpira ukaingia chini ya ukuta ukakwama pale. Kanuni inasema mpira ukikwama, wakimbiaji wanapewa vituo viwili, basi. Mkimbiaji ambaye angeingia nyumbani akarudishwa cha tatu. Sawa, bado tuna watu cha pili na cha tatu. Ernie Clement akadakwa. Kisha Andrés Giménez akapiga mpira mfupi wa juu upande wa kushoto, na Barger, aliyekuwa cha pili, akadhani unaanguka. Alijivuta mbele. Kiké Hernández wa Dodgers akaja mbio, akaudaka, akautupa cha pili kwa mwendo ule ule, na Barger hakuwahi kurudi. Wawili kwa pigo moja. Mechi ikaisha hapo hapo, watu wamesimama midomo wazi.

Basi wachezaji wale walilala na picha hiyo, kama waliweza kulala: mwenzao kajivuta mbele mno na msimu mzima umening'inia.

Jumamosi tulianza vizuri. Bo Bichette, akicheza kwa goti lililoumia tangu tarehe 6 Septemba alipogongana na mdakaji wa Yankees, alimpiga mrushaji wa Dodgers, Shohei Ohtani, homurani ya pointi tatu katika inningi ya tatu. Nimeishi Toronto miaka kumi na moja na sijawahi kusikia jiji likipiga kelele kwa pamoja namna ile, mpaka madirisha ya jirani. Dodgers wakaturudia kidogo kidogo: moja inningi ya nne, moja ya sita, nasi tukaongeza moja, wakapata moja ya nane. Tulifika ya tisa tukiongoza 4 kwa 3. Mrushaji wetu Jeff Hoffman akamtoa wa kwanza. Watu wawili zaidi, na ubingwa ni wetu.

Akaja Miguel Rojas wa Dodgers. Alikuwa na miaka 36, anasifika kwa kudaka na kutupa kuliko kwa kupiga, homurani zake msimu mzima wa kawaida zilikuwa 7. Akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto. Sare, 4 kwa 4.

Hata hivyo zamu yetu ya tisa ilikuwa bado. Vladimir Guerrero Jr. akadakwa mbali. Bichette akapiga kwa usalama, akachechemea hadi cha kwanza, na hapo kocha mkuu John Schneider akamtoa, akamwingiza Kiner-Falefa akimbie badala yake. Barger akapewa kituo cha bure. Dodgers wakamleta mrushaji Yoshinobu Yamamoto, ambaye usiku uliotangulia alikuwa ameshatupa mipira 96. Naye akamgonga Kirk. Vituo vyote vimejaa, ametolewa mmoja tu, pointi moja inatosha. Walinzi wa ndani wa Dodgers wakasogea mbele kuziba njia ya nyumbani. Anayepiga ni Daulton Varsho.

Varsho akaupiga chini, upande wa kituo cha pili. Rojas yule yule akaufuata, akaudaka akipepesuka, karibu aanguke, akautupa nyumbani. Will Smith, mdakaji, akajinyoosha kuupokea, mguu wake ukainuka kidogo kutoka kwenye kituo na ukarudi chini. Kiner-Falefa alikuwa anajiburuza. Waamuzi waliitazama picha tena. Mguu ulikuwa umerudi kabla yake.

Mpigaji aliyefuata, Clement, aliurusha mpira mbali katikati na kushoto, na Andy Pages, aliyekuwa ameingizwa uwanjani muda ule ule, akaja mbio, akamparamia mwenzake Hernández na kuudaka juu yake. Inningi ya kumi ikapita. Katika ya kumi na moja Will Smith akampiga mrushaji wetu Shane Bieber homurani, 5 kwa 4. Guerrero akatuanzishia kwa kufika cha pili, akasogezwa hadi cha tatu, na akabaki pale pale akitazama Kirk akivunja gongo kwenye mpira wa chini uliowatoa watu wawili. Ndio mwisho.

Ilikuwa saa sita na robo ya usiku imepita kidogo. Usiku ule ndio saa za Toronto zilirudishwa nyuma: ikifika saa nane usiku, inakuwa saa saba tena. Sikulala. Saa ile moja niliipita mara mbili, nimekaa sebuleni taa imezimwa.

Dada yangu mkubwa alinipigia kutoka Kisauni. Huko ilikuwa asubuhi, anakwenda kupika chai. Haufuati mchezo huu, ila alinifuata mimi mwezi mzima.

"Vipi mdogo wangu, mmechukua?"

"Tumekosa, dada. Tano kwa nne."

"Poleni sana. Mmekosaje?"

Nikamweleza kituo cha tatu, mpira wa chini, mkimbiaji aliyesimama karibu na kituo. Nikamwambia huyo ndiye aliyetupoteza. Dada alicheza raunda shuleni mpaka mashindano ya mkoa, na anakumbuka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani aliambiwa asimame wapi?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja siku ile ile, mkimbiaji mwenyewe alipoulizwa na waandishi. Alisema waliambiwa wakae karibu na kituo. Benchi la ufundi halikutaka mtu anaswe nje ya kituo endapo Varsho angepiga mpira mkali wa moja kwa moja ukadakwa, na Varsho hupiga kwa nguvu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ijumaa nyoka aliuma kweli, Barger akanaswa mbali na kituo. Jumamosi, katika hali inayofanana kwa macho, kila mtu aliuona ung'ongo. Mimi nasema hali ile haikuwa sawa, na hapo ndipo kosa lilipo.

Ijumaa tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Mtu aliyenaswa siku ile aliua mechi, kwa sababu baada ya watu watatu hakuna kesho. Jumamosi tulikuwa sare. Tuchukue kwamba Kiner-Falefa anajivuta hatua moja au mbili zaidi, na Varsho anapiga mpira mkali hewani unaodakwa, naye ananaswa. Tunapoteza nini? Inningi ya tisa inaisha, tunakwenda ya kumi tukiwa sare, mbele ya watu wetu. Inauma, lakini mechi ipo. Na tuchukue upande wa pili: anajivuta hatua moja zaidi, mpira unapigwa chini, Rojas anapepesuka vile vile. Anafika, na sisi ni mabingwa. Upande mmoja wa mizani una inningi moja, upande wa pili una ubingwa wa kwanza baada ya miaka 32.

Kuna la kuongeza. Varsho hupiga akitokea upande wa kushoto. Wapigaji wa namna hiyo mipira yao mikali huelekea zaidi upande wa kituo cha kwanza na cha pili, mbali na cha tatu. Mpira wa kumnasa mkimbiaji wa cha tatu ni ule unaomwendea mlinzi wa upande ule, na huo ndio uliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuja. Kinyume chake, mpira wa chini kuelekea kituo cha pili, ule hasa uliokuja, ndio uliopaswa kuogopwa kuliko yote. Mkimbiaji alilindwa dhidi ya hatari ndogo akaachwa wazi kwa kubwa.

Niwatendee haki makocha lakini. Wao hawakuwa na wiki nzima kama mimi. Walikuwa na sekunde, na kelele za watu zaidi ya elfu arobaini, na jeraha la saa ishirini na nne. Na kama mpira ungedakwa na Kiner-Falefa akanaswa, usiku wa pili mfululizo, maneno ambayo mji huu ungemtolea sitaki hata kuyafikiria. Nani kati yetu angekubali kulifanya kosa la jana tena leo, hata kama leo si jana? Nawaelewa. Bado naona walikosea. Na yule aliyetii maagizo, akakimbia kwa nguvu zake zote, akasimama mbele ya waandishi akaeleza bila kumtupia mtu lawama, hastahili hata neno moja la yale yanayosemwa kwa kinyozi.

Nimesikia pia hoja kwamba hakupaswa kujiburuza, angepita tu mbio. Inawezekana. Sina kipimo cha kuithibitisha, naiacha.

Kuna uamuzi mwingine unaonisumbua zaidi, na watu hawautaji sana. Katika besiboli mchezaji akitoka harudi. Kumtoa Bichette katika inningi ya tisa kulikuwa na sababu: kwa goti lile asingefika nyumbani kwa mpira wa Varsho. Lakini gharama ililipwa katika ya kumi na moja. Guerrero yuko cha pili, hakuna aliyetolewa, tunahitaji moja kusawazisha, na zamu inayofuata ni ya Bichette. Isipokuwa Bichette amekaa benchi na barafu yake. Akaja Kiner-Falefa, akaugusa mpira taratibu kwa makusudi ili atolewe yeye na Guerrero asogee cha tatu. Alifanya alichoagizwa, tena vizuri. Ila mtu aliyempiga Ohtani pointi tatu saa chache nyuma hangekuja kuugusa mpira. Angekuja kuupiga.

Je, ningemwacha Bichette? Hapana, ningemtoa vilevile. Hilo ndilo linalonifanya niheshimu ugumu wa kazi ile. Lakini ukishamlipa mkimbiaji bei kubwa hivyo, ukamtoa mpigaji wako bora wa usiku ule kwa ajili ya miguu tu, basi iache miguu hiyo ifanye kazi. Kumwingiza mtu kwa mbio zake kisha kumfunga karibu na kituo ni kununua ng'ombe wa maziwa ukamzuia kukamuliwa.

Nimejumlisha pointi za mechi zote saba. Sisi tulipata 34, wao 26. Tuliwazidi kwa pointi nane na tukashindwa. Hesabu hii haibadilishi chochote na silii nayo, ila inanisaidia sasa, katika wiki hizi za mapumziko, kwa sababu nasikia watu wakisema timu ivunjwe, Hoffman afukuzwe, kila kitu kianzwe upya. Ni ung'ongo ule ule. Timu iliyoshika mkia mwaka 2024, ikaja kukosa ubingwa kwa viganja viwili vya udongo, haina ugonjwa wa kupasuliwa. Hoffman mwenyewe usiku ule alikiri kwamba amewagharimu wenzake wote pete ya ubingwa. Mtu anayesema hivyo akiwa bado na jezi mwilini sihitaji kumwongezea.

Habari iliyonipa nguvu kuliko zote ilikuja siku chache tu baada ya fainali. Bieber, yule aliyepigwa homurani ya mwisho, mkataba wake ulimruhusu kuchagua: abaki kwa dola milioni 16 mwaka 2026, au aingie sokoni atafute zaidi. Wengi waliamini ataondoka. Akabaki. Sijui moyo wake, na biashara ni biashara, lakini mimi niliisoma habari hiyo kwenye basi la asubuhi nikairudia mara tatu.

Bichette ndiye aliyekuwa kitendawili. Yeye na Guerrero walipanda ligi kuu pamoja mwaka 2019, watoto wawili wa wachezaji maarufu, wakakua mbele yetu. Guerrero alisaini mwezi Aprili 2025 mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 500. Bichette baada ya fainali alikuwa huru. Klabu ilimpa ofa ya mwaka mmoja ya dola milioni 22 na ushei, ambayo mchezaji wa kiwango chake kwa kawaida huikataa ili apate mkataba mrefu mahali popote. Hofu yangu wakati ule ilikuwa kwamba watakaokaa mezani wangekumbuka goti tu. Goti litapona. Mkono uliompiga Ohtani hauuzwi kila mwaka.

Kutoka Novemba hadi katikati ya Februari, warushaji na wadakaji watakaporipoti kambini Dunedin, Florida, hakuna mechi. Miaka ya kwanza kipindi hiki kilinitesa. Siku hizi naamka nasoma habari za mikataba kama mtu anayefuatilia posa za ukoo wake, nani kamwendea nani, nani kakubali. Na huwa natafuta habari za kwetu. Vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na hao hao Dodgers mwaka 2022. Timu ya watoto ya Lugazi, huko huko Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania, mwaka 2012. Kwa hiyo hata nikiwa na kinyongo na Dodgers, kuna jambo moja nawatakia heri.

Mwanangu ana miaka tisa na anacheza ligi ya watoto ya mtaa. Usiku ule alilala kabla ya inningi ya kumi, na asubuhi nilimwambia matokeo naye akanigeuzia mgongo ukutani. Wikiendi iliyofuata alinivuta tukatoke. Bustani ilikuwa tupu, majani yameanguka, baridi ya glavu. Akaweka mkoba wake wa shule chini, akasema hicho ni kituo cha tatu. Akaweka koti lake mbele kule, akasema hapo ni nyumbani.

"Baba, nisimame wapi?"

Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Akasimama kwanza pale Kiner-Falefa aliposimama, kwa makisio yetu. Nikaupiga mpira chini upande wa kulia, nikaukimbilia, nikautupa kwenye koti. Mpira ulimtangulia. Akarudi, akapima kwa viatu vyake, kisigino kwa kidole, akasogea mbele. Tukarudia. Akasogea tena. Mara nyingine nilimdanganya nikamrushia mpira wa juu, na akarudi mkobani akijitupa kwenye majani. Tangu saa zirudishwe nyuma jua lilikuwa likizama karibu saa kumi na moja jioni. Aliniomba turudie mara moja, kisha mara moja tena, mpaka nilipoupiga mpira na hakuna kati yetu aliyeuona ulikokwenda.